Namna ya Kuzuru Makaburi ya Mwambani ya Hegra

Makaburi ya Hegra, ambayo Waislamu wengi huyajua kwa jina la Al-Hijr au Madain Saleh, yako kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia, zaidi ya kilomita 300 kutoka Madina, karibu na mji wa AlUla. Tiketi inunuliwe mapema, kwa kuwa mgeni haendi peke yake bali huingia katika ziara maalumu yenye kiongozi. Miezi ya baridi ndiyo mizuri, na asubuhi au alasiri hufaa kuliko adhuhuri, maana jua la pembeni hutia vivuli katika nakshi zikaonekana wazi.

Muislamu atafakari kwanza. Hadithi sahihi zasimulia kwamba Mtume (S.A.W.), alipopita hapo akielekea Tabuk, aliwakataza masahaba kuingia makazi ya waliojidhulumu, yaani kaumu ya Thamudi ya Nabii Saleh, ila kwa kulia. Wapo wanaoacha kwenda kwa sababu hiyo, na uamuzi wao unastahili heshima. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema makaburi yanayoonekana leo yalichongwa na Wanabatea, watu wa kale wa Uarabuni waliojenga pia mji wa Petra, hasa katika karne ya kwanza BK.

Kati ya makaburi makubwa 111, yenye nakshi ni 94, wala huna haja ya kuyakimbilia yote. Litazame kwa utulivu kaburi la Lihyan mwana wa Kuza, lililosimama peke yake katika jabali lake. Halikumalizika, na kwa ajili hiyo linafundisha kuliko mengine: juu pamelainishwa vizuri, ilhali chini mwamba ungali unakwaruza, wenye alama za patasi, kwa sababu mafundi walianza kileleni wakashuka hatua kwa hatua. Ukishalielewa hilo, uso wa kila kaburi usome kuanzia juu, penye ngazi zilizochongwa, hadi mlangoni.

Juu ya milango kadhaa pana maandishi ya Kinabatea; mwombe kiongozi akufasirie walau moja. Humtaja mwenye kaburi, warithi wanaoruhusiwa kuzikwa humo, mwaka wa utawala wa mfalme, mara nyingi Aretas wa Nne, na faini au laana kwa atakayeliuza au kumzika humo mtu asiyeruhusiwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye thamani kubwa kuliko picha yoyote utakayopiga.

Usiuguse mwamba wala kuupanda: ni jiwe la mchanga, na chembe zake hupukutika kwa kiganja tu.