Jinsi ya kupima presha nyumbani bila kujidanganya

Jamani watu wengi tunanunua mashine ya presha, mtu anapima mara moja tu akiwa ametoka kupanda ngazi au kugombana na mtu, inasoma 158 kwa 96 basi nyumba nzima hailali. Au kinyume chake, inasoma 124 kwa 78 mtu anaacha dawa, mama yangu alifanya hivyo hivyo, akasema amepona kumbe namba ilikaa vizuri kwa sababu ya hizo hizo dawa, wiki chache mbele ikapanda kuliko mwanzo. Namba moja ya kukurupuka usiifanyie uamuzi.

Mashine chukua ile ya kufunga mkono wa juu, zile za pale pa kuvalia saa zinayumba sana. Halafu mkanda wake, hapa ndo wengi wanakosea: chukua futi ya fundi cherehani pima unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko, linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli, mtu anaweza kuishia kumeza dawa asizohitaji.

Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda chooni kwanza, mkojo ukikubana presha inapanda kweli. Kaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, usikunje nne, tulia dakika 5 bila simu bila stori. Mkanda ufunge kwenye ngozi sio juu ya shati, mkono ulaze mezani mkanda uwe usawa wa moyo, maana mkono ukining'inia namba inapanda. Mashine ikianza kujaza upepo nyamaza, hata ukiulizwa kitu usijibu.

Pima mara 2, acha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na chai, na tena jioni, siku 7 mfululizo. Andika zote, hasa zile zinazokutisha. Siku ya kwanza itupe, tafuta wastani wa siku 6 zilizobaki. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi mpelekee daktari hiyo karatasi. Ile 140 kwa 90 unayoisikia kuwa ndo mwanzo wa presha ya juu ni ya kupimwa hospitali, kule wengi hupanda kwa woga tu, na Marekani tangu 2017 wanahesabu kuanzia 130 kwa 80. Kuna pia ambao hospitali wanasoma vizuri ila nyumbani iko juu, hao ndo nawaonea huruma zaidi maana bila kujipima hakuna anayewagundua.

Mwaka 2015 yalitoka majibu ya utafiti wa SPRINT huko Marekani, watu zaidi ya 9,000 wasio na kisukari, walioshushwa namba ya juu (ile inayotajwa kwanza) hadi chini ya 120 walipata matatizo makubwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa karibu robo kuliko walioachwa chini ya 140. Ila walipimwa wametulia dakika 5 kama nilivyoeleza, na waliobanwa zaidi kuna waliozimia na figo kusumbua, kwa hiyo usijiongezee dozi mwenyewe eti unaitafuta 120. Unachoweza kuanza leo bila kuuliza mtu ni chumvi, isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyojificha kwenye vyakula vya pakiti.

Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi na kifua kinauma, pumzi inakata, mdomo umepinda au mkono umelegea, hospitali saa hiyo hiyo. Kama hauna dalili yoyote, tulia dakika 5 urudie, ikibaki huko huko mpigie daktari siku hiyo hiyo, na usimeze vidonge mara mbili.