Kuku mwenye koksidia: namna ya kuchukua sampuli za bakteria wa utumbo

Karibuni nilimsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa na majedwali mazuri ya bakteria, lakini swali moja lilimshinda: mabadiliko hayo yaliletwa na koksidia (vimelea vya utumbo vya jenasi *Eimeria*), au na dawa iliyokuwa kwenye chakula? Kuku wakishachinjwa, swali hilo halina tena pa kujibiwa. Ndiyo maana mwongozo huu umeelemea sana kwenye hatua ya pili. Nachukulia kwamba kupasua kuku na kutumia darubini unajua.

Hatua ya 1: Jua kimelea chako kinakaa wapi

*Eimeria acervulina* hushambulia mwanzo wa utumbo mwembamba, *E. maxima* katikati yake, na *E. tenella* vile vifuko viwili vilivyoziba mwishoni mwa utumbo. Chukua sampuli pale kimelea kilipo, na kwenye vifuko pia, maana huko ndiko bakteria walikojaa zaidi. Kinyesi cha sakafuni sikipendi kwa kazi hii: kimechanganyika na matandiko, na kinachotoka kwenye vifuko ni sehemu ndogo tu ya kinyesi chote.

Hatua ya 2: Panga makundi

Anza na dawa. Monensin na salinomycin huwekwa kwenye chakula ili kuzuia koksidia, lakini huua pia bakteria wengi wa Gram chanya (kundi kubwa la bakteria wanaotambuliwa kwa rangi ya maabara), wakiwemo *Clostridium perfringens*, anayeweza kuleta ugonjwa wa utumbo kwa kuku. Ukilinganisha kundi lenye dawa hizo na kundi lisilo nazo, umepima dawa na ugonjwa kwa pamoja, na hakuna hesabu itakayovitenganisha. Makundi yote yale chakula kimoja kisicho na dawa hizo. Ikiwa lazima uwe na kundi linalotibiwa, mimi huchagua amprolium, kwa kuwa inafanya kazi kwa kuiga vitamini B1 na haina nguvu hiyo dhidi ya bakteria.

Kisha kuna hamu ya kula, jambo ambalo wengi hawalifikirii kabisa. Kuku mwenye koksidia hula kidogo, na kula kidogo peke yake hubadilisha bakteria wa utumbo. Kwa hiyo, mbali na kundi la wagonjwa na la wazima wanaokula watakavyo, ongeza kundi la tatu: kuku wazima wanaopewa kila siku kiasi kile walichokula wagonjwa siku iliyotangulia. Ni kazi ya kupima chakula asubuhi na jioni, tena inachosha, lakini bila kundi hilo hutajua kama *Lactobacillus* wamepungua kwa sababu ya kimelea au kwa sababu ya njaa.

Umri nao. Bakteria wa kifaranga hubadilika upesi sana katika wiki za mwanzo, hivyo usilinganishe kuku wa wiki mbili na wa wiki nne. Tena kuku wa kizimba kimoja hudonoa kinyesi cha wenzao na kugawana bakteria. Kuku kumi wa kizimba kimoja si ushahidi kumi. Kinachohesabiwa ni kizimba. Vizimba vingi vyenye kuku wachache vinafaa kuliko vizimba viwili vilivyojaa.

Hatua ya 3: Siku ya kupasua

Siku ya 5 hadi ya 7 baada ya kuambukiza ndipo vidonda huonekana vizuri. Pasua baadhi ya kuku wa kila kundi wakati huo na wengine baada ya wiki kadhaa, uone kama bakteria wanarudi. Usiwanyime kuku chakula kabla ya kuwapasua.

Hatua ya 4: Kuku yuleyule, vipimo viwili

Pima vidonda kwa alama 0 (hakuna kidonda) hadi 4 (vikali kabisa) za watafiti Johnson na Reid, kisha gawa kilichomo utumboni mara mbili. Nusu moja igande papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika, halafu nyuzi -80. Nusu nyingine iende friji ya kawaida kwa ajili ya kuhesabu oosisti (mayai ya kimelea) kwa slaidi ya McMaster, yenye vyumba vya kuhesabia. Usiigandishe hiyo ya pili, kwani barafu huharibu oosisti.

Hatua ya 5: Vinasaba

Tumia njia inayovunja seli kwa shanga ndogo. Bila shanga, bakteria wenye ukuta mgumu hubaki nyuma. Pitisha pia chupa tupu isiyo na sampuli, ili uone uchafu unaotoka maabara yenyewe.

Hatua ya 6: Kusoma matokeo

Usomaji wa jeni ya 16S, ile inayotumika kutambua bakteria, hukupa uwiano tu, haukupi idadi. Kundi moja la bakteria likifa, mengine yote yataonekana yameongezeka hata kama yako palepale. Thibitisha kwa qPCR, kipimo kinachohesabu nakala za jeni, kabla ya kuandika neno "wameongezeka".

Katika vifuko, angalia kwanza *Faecalibacterium* na wenzake wanaotengeneza butireti, chakula cha seli za utumbo. Mara nyingi ndio wanaopungua, huku jamii ya *E. coli* ikipanda. Kwenye utumbo mwembamba mtafute *C. perfringens*. Koksidia akipasua seli, protini za damu huvuja na ute huongezeka. Bakteria huyu hawezi kujitengenezea amino asidi nyingi, hivyo uvujaji huo ni karamu kwake. Linganisha wingi wake na alama za vidonda, kizimba kwa kizimba.