Jinsi ya kuchora kioo ndani ya picha

Wengi wakichora kioo wanakiweka kama pambo tu, kinarudia kile kile ambacho tayari tunakiona mbele yake, na hapo naona nafasi imepotea bure. Kabla hujashika brashi jiulize: hiki kioo kinaona nini ambacho mtazamaji haoni?

Mcheki mchoraji Jan van Eyck, 1434, ile picha ya mwanamume na mwanamke wameshikana mikono iliyopo National Gallery, London. Nyuma yao ukutani kuna kioo kidogo tu, kioo mbinuko, yaani kilichovimba katikati kuja mbele, lakini sogea karibu: utaona migongo yao, utaona dirisha, halafu mlangoni kuna watu wawili ambao chumbani huwaoni kabisa kwa sababu wako upande wetu, pale pale tuliposimama sisi! Mchoraji Velázquez naye kwenye picha yake Las Meninas, 1656, akawaweka mfalme na malkia wa Hispania ndani ya kioo cha ukutani huko nyuma kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Simama mbele ya kioo cha bafuni, fumba jicho moja, chukua kipande cha sabuni uzungushie uso wako unavyouona pale kwenye kioo, kisha pima. Ni nusu ya uso wako halisi, na ukirudi nyuma hatua mbili bado utaenea mle mle ndani ya mstari. Ni kwa sababu taswira inakaa nyuma ya kioo umbali ule ule uliopo wewe mbele yake. Kwa hiyo mtu akiwa mita 1 mbele ya kioo, taswira yake ichore kama mtu aliyesimama mita 1 nyuma ya ukuta, yaani ndogo kuliko yeye, na hapa ndipo wengi wanapokosea, wanamchora mtu na taswira yake vikilingana.

Rangi za ndani ya kioo zipoze kidogo, basi.

Kioo mbinuko kina mambo yake: mistari inapinda ikikaribia kingo, na kilicho karibu kinavimba, ndiyo maana mchoraji Parmigianino alipojichora akijitazama kwenye kioo cha namna hiyo, miaka ya 1520, mkono wake ulitoka mkubwa kuliko uso.

Ukimaliza, ipeleke picha yako mbele ya kioo cha kweli. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wafanye hivyo, maana ikigeuka unaiona kama kazi ya mtu mwingine, na lile jicho lililopanda juu utaliona papo hapo.