Maji ya akwariamu yamegeuka kijani? Usiyamwage yote, anza na mwanga

Wakuu mnaofuga samaki wa mapambo nyumbani, hii naiandika kwa uchungu kabisa, kwasababu samaki wengi hawauawi na ule ukijani, wanauawa na namna tunavyopambana nao. Mtu anaamka anakuta tanki limekuwa kama mchuzi wa mlenda, anapaniki, anamwaga maji yote, anasugua vioo kwa sabuni, anajaza maji ya bomba palepale na kuwarudisha samaki, siku mbili mbele wanaelea tumbo juu na wiki haijaisha kijani kimerudi vilevile.

Ile kijani sio uchafu. Ni mwani, vimea vidogo mno ambavyo kimojakimoja hukioni kwa macho, vinaelea kwa mamilioni na vinaishi kwa mwanga na mbolea, na mbolea yenyewe ni kinyesi cha samaki pamoja na chakula kinachoozea chini. Wafugaji wa sato kwenye mabwawa hiyo rangi wanaitafuta kabisa, wanatia samadi ili maji yawe kijani samaki wapate cha kula. Kwahiyo tulia, samaki wako hawajalishwa sumu. Hatari ipo usiku, maana gizani mwani nao unatumia oksijeni kama samaki, ndo maana alfajiri unawakuta wote wako juu wanachapachapa midomo kwenye uso wa maji. Ukiona hivyo pampu ya hewa iwake usiku kucha, usiizime eti inapiga kelele.

Kabla ya kufanya chochote chota maji kwenye glasi, weka mbele ya karatasi nyeupe. Yakiwa kijani humo kwenye glasi, ni mwani unaoelea, endelea kusoma. Yakiwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, hao ni bakteria, hutokea sana kwenye tanki jipya na yatakaa sawa yenyewe. Yakiwa safi ila vioo ndo vina kijani, kwangua na kadi ngumu ya zamani basi, na ule unga wa kahawia kwenye tanki jipya futa tu, baada ya wiki kadhaa huwa unaisha.

Tanki langu ni la lita 60 hivi, lina goldfish watatu, na nilikuwa nimeliweka sebuleni linatazamana na dirisha la magharibi. Kila jioni kuanzia saa kumi jua linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kokoto, na usiku taa inawaka mpaka tunapolala. Nilibadilisha maji kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu nzima, asubuhi safi, kesho yake kijani. Muuzaji mmoja akanipa dawa ya chupa niweke matone, maji yalisafika kweli lakini konokono wote wakafa, maana dawa nyingi za kuua mwani zina shaba ndani na shaba konokono na kamba hawaiwezi. Tangu hapo dawa sitaki kuzisikia.

Kilichonisaidia ni giza. Siku ya kwanza badilisha nusu ya maji, vuta uchafu wa chini kwa mpira wa maji, alafu funika tanki pande zote na blanketi zito au mifuko myeusi ya taka, juu acha upenyo wa hewa. Taa zima, pampu na filta viendelee kufanya kazi. Siku tatu mpaka nne usifunue kuchungulia na usilishe, samaki wakubwa wenye afya wanavumilia vizuri tu, ila kama una vifaranga usifanye hivi, watoto hawawezi kukaa na njaa hivyo. Na kama umeme wa kwenu unakatika katika tafuta pampu ya betri kwanza, kwasababu mwani ukifa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni ileile ya samaki.

Ukifunua maji yatakuwa na ukungu wa kijivu, ni mwani uliokufa huo, badilisha nusu tena siku hiyohiyo. Maji mapya yalale kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, ipungue, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Na sponji ya filta, tafadhali sana, usiioshe bombani! Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa humohumo kwenye tanki, wale bakteria wanaosafisha kinyesi cha samaki wanaishi kwenye hiyo sponji na klorini inawaua, ukiwaua amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi cha samaki, inapanda na hapo ndo samaki wanaondoka mmoja mmoja.

Sasa usipobadili mazingira kijani kitarudi. Mi nilihamisha tanki ukuta ambao jua halifiki, taa nikaipunguza iwake masaa 6 mpaka 8 tu kwa siku, chakula nikatoa kile tu wanachomaliza ndani ya dakika mbili, tena mara moja kwa siku, na maji nabadilisha robo kila wiki. Alafu nilichukua tawi la mani planti, ile ya majani mapana inayotambaa madirishani, mizizi nikaining'iniza ndani ya maji majani yakabaki nje. Ile mizizi inafyonza mbolea ambayo mwani ungekula. Mwezi haukuisha nilikuwa nahesabu kokoto nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Mwenye uwezo anunue filta yenye taa ya UV, mwanga usioonekana unaoua mwani, kwa maji ya kijani inafanya kazi vizuri sana. Konokono na samaki wanaokula mwani wao wanalamba vioo tu, kijani kinachoelea hawakiwezi. Na yale maji unayotoa usiyamwage chooni, mwagia mchicha na maua, yatastawi mpaka ushangae.