Puta yako isikuzidi urefu, jipime hivi

Wengi tunabeba puta, ile fimbo ya gofu ya kusukumia mpira shimoni, ya inchi 35 kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani, basi. Mi yangu nilikuwa naishika chini kabisa ya gripu (mpini wa kushikia), kile kipande cha juu kinanichoma tumbo kila nikipiga, nikadhani shida ni mkono kumbe fimbo.

Vaa viatu vyako vya gofu, inama kama unataka kupiga, magoti yalegee kidogo na mikono ining'inie yenyewe usiilazimishe, alafu mtu apime na tepu toka mkono wa juu mpaka chini kwenye mpira, afuate mlalo wa fimbo sio wima, aongeze kama inchi moja ya kubaki juu ya mkono. Wengi wataangukia kati ya 33 na 35.

Sasa macho. Ukiwa umeinama hivohivo dondosha mpira mwingine toka katikati ya macho. Ukiangukia juu ya ule wa chini au upande wa miguu kidogo tu, poa. Ukivuka ng'ambo, fimbo huenda ni fupi, na ukija karibu sana na vidole vyako basi ndefu.

Usikimbilie msumeno lakini, ukiikata fimbo, kichwa chake utakisikia chepesi, shika chini kwanza wiki hivi uone.