Chupa ya maji ya porini: ukuta mmoja tu

Unapofungasha vifaa vya porini, chagua chupa ya chuma cha pua yenye ukuta mmoja, lita 1, mdomo mpana, isiyopakwa rangi. Hapo umebeba chupa na sufuria ya kuchemshia maji motoni kwa mpigo. Themosi usiiweke motoni kamwe: kuta zake mbili zimezibwa, na ikipata moto inaweza kupasuka kwa kishindo. Za alumini nyingi zina utando wa ndani unaoungua, bora uziache nyumbani. Chuja maji kwa kitambaa, ondoa kifuniko (mvuke ukikosa pa kutokea, hatari ni ileile), yakishatokota yaache yaendelee kutokota dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala kemikali.