Kituruki kwa Mzanzibari: anza na Kiswahili chako, Kiingereza kiweke kabatini

Assalaam alaykum jamani. Mie nafundisha Kituruki, mwanafunzi mmoja mmoja, wa hapa Mjini wanakuja kwangu Kikwajuni na wa Pemba tunasomeshana kwa simu, na kila akija mtu mpya nakuta kitu kilekile: ana daftari limejaa Kituruki upande huu na Kiingereza upande wa pili, kahifadhi maneno mia, sentensi hata moja hatungi. Hilo daftari namwambia akaliweke. Kiswahili na Kituruki vimejengwa karibu sawa, sasa kwa nini uzungukie Ulaya? Ntaeleza ninavyomuanza mtu, na wewe kama una mwalimu mwengine mwambie akupeleke hivi.

Hatua ya kwanza: sema unakwenda kufanya nini

Mtu wa Darajani anokwenda Laleli pale Istanbul kufata nguo za jumla, huyo namuanza na namba, rangi na bei, sarufi baadae. Kijana anoomba Türkiye Bursları, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki (maombi kwa kawaida Januari 10 mpaka Februari 20) huyo akipata atapewa mwaka wa lugha kabla ya chuo, kwahivyo kwangu anahitaji msingi tu asiende mtupu. Na wale wa tamthilia wanotaka kusikia sauti zenyewe badala ya zile zilotiwa Kiswahili, karibuni pia, nyie ndo mnanikera kidogo kwa sababu hamfanyi homuweki.

Hatua ya pili: mdomo

Kituruki kinaandikwa kwa herufi za Kilatini tokea 1928, herufi 29, na kama Kiswahili unasoma unachokiona. Herufi c ni j yetu, ç ni ch, ş ni sh. Ile ğ haitamkwi, inavuta tu irabu ilotangulia, kwahivyo dağ (mlima) ni kama "daa".

Shughuli iko kwenye irabu, sisi tunazo tano wao nane. Ü: sema "i" ndefu, usiuondoe ulimi, halafu kunja midomo kama unapiga mbinja. Ö hivyohivyo ila unaanza na "e". Ile ı isiyo na nukta, sema "u" halafu tandaza midomo kama unotabasamu. Wiki nzima tunafanya hivyo, watoto wangu wanacheka dirishani lakini hakuna njia nyengine, kwa sababu oldu ni "haya, imekuwa" na öldü ni "amekufa". Nina mwanafunzi alimwambia mwenye duka "amekufa, amekufa" kila wakikubaliana bei.

Hatua ya tatu: okota maneno yako mwenyewe

Kiarabu kimepita kwao na kwetu. Dakika ni dakika, hata herufi haibadiliki. Halafu saat, kalem, defter, sandık, sebep, hesap, haber, unayajua yote. Sisi tumeongeza irabu mwisho, wao wamekata, na wakikata b inakuwa p, kitabu ni kitap. Lakini ukitia kiambishi ile b inarudi, kitabım, kitabu changu.

Mitego ipo. Misafir kwao ni mgeni alokuja nyumbani, sio msafiri. Na merhaba ni salamu ya kuanzia, usiingoje uamkiwe ndo useme marahaba ukajiona mzee.

Hatua ya nne: geuza gari

Hapa ndo penyewe, na hapa nakaa na mtu hata mwezi. Chukua "hatukuona". Una ha ya kukanusha, tu ya sisi, ku ya wakati ulopita, mwisho mzizi ona. Kituruki ni görmedik: gör ndo ona, me inakanusha, di wakati ulopita, k sisi. Vipande ni vilevile ila wao mzizi wanautanguliza na vyengine vyote vinafata nyuma kama mabehewa. Hata nyuma sisi tunako, nyumbani tunatia -ni, wao evde wanatia -de. Evlerimizde: ev nyumba, ler nyingi, imiz zetu, de ndani yake. Zoezi langu ni kuvunja neno kwa penseli, maneno kumi kila siku, basi.

Watu wanaogopa sana kule viambishi kubadilika irabu, -lar hapa -ler pale. Kwani wewe pika unasema pikia, mbona soma husemi somia, unasema somea, na leta letea? Nani alokufundisha? Ndo jambo lilelile. Irabu ya mwisho ya neno ikiwa a, ı, o, u tia -lar, ikiwa e, i, ö, ü tia -ler. Çocuklar watoto, günler siku. Saat ndo mkaidi, inakuwa saatler, usiniulize sasa hivi.

Kisha kuna -miş, ambayo vitabu vinaieleza kurasa tatu na mtu hafahamu. Mie nasema ni "ati". Geldi, kaja, nimemuona. Gelmiş, ati kaja, nimesikia au nimeona viatu vyake mlangoni. Mpemba mmoja nilipomwambia hivyo akapiga kelele kwenye simu, miezi miwili alikuwa anahangaika nayo.

Ila usitafsiri kila kitu kipande kwa kipande. Gör ni ona, görüş ni onana, sawa. Sev ni penda, lakini seviş usiiseme mbele za watu, sio kupendana, ni zaidi ya hapo.

Hatua ya tano: saa

Kama mwalimu wako yuko Uturuki, saa zetu na zao zinakwenda pamoja mwaka mzima, hakuna tofauti. Tatizo ni kuhesabu. Saat sekiz, nane yao, kwetu ni saa mbili. Nilipokuwa najifunza mimi mwalimu alinambia saat sekizde, nikakaa na simu saa nane mchana nimeshakoga na shati nimevaa, yeye kaingia saa mbili usiku mie nshalala. Zamani nao walihesabu kuanzia machweo, wakaacha 1926, tungepatana.

Somo liwe nusu saa kila siku, sio masaa mawili Jumamosi. Na uongee wewe zaidi ya mwalimu, akizungumza yeye tu unalipia redio. Ukimaliza mtumie sauti WhatsApp, dakika moja, umefanya nini leo. Mwite hocam, "mwalimu wangu", inatamkwa hojam.

Hatua ya sita: pole

Mzanzibari bila pole hawezi kuzungumza, na wao pole wameigawa. Kwa alo kazini ni kolay gelsin, ije kwa wepesi. Mgonjwa ni geçmiş olsun. Alofiwa ni başınız sağ olsun, hizi mbili usizichanganye tafadhali. Kwa alokupikia kuna elinize sağlık, mkono wako uwe na afya. Ukiingia dukani sema kwanza kolay gelsin ndo uulize ne kadar, yaani bei gani, na mwenye duka akiwa mkubwa kwako mwite abi au abla kama unavyosema kaka na dada.

Yule wa "amekufa, amekufa" alinitumia sauti kutoka Laleli mwaka jana. Anaomba apunguziwe, muuzaji anasema olmaz abla, haiwezekani, yeye anajibu olur olur, inawezekana, mara nne hivi, nyuma nasikia vigilasi vya chai vinagongana. Mwisho muuzaji akasema oldu. Na yeye akaitikia oldu, na ile o ilikuwa safi kabisa.